Ripoti ya Mbaazi

Vijana wa ofisini mliniomba niandike kumbukumbu zangu kabla sijazisahau, nami nikakubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara sitavitaja. Hayo yamo katika faili langu, na faili langu limo ndani ya lile kabati la chuma ambalo tangu niingie kazini halijafunguka bila kupigwa teke. Nitawaandikia ya nje ya faili, na zaidi habari ya ripoti moja. Ninyi huisikia ikitajwa kama ushindi wa idara, na ushindi ni kweli ulikuwa, lakini hakuna anayewaambia kwamba ulianza kwa kosa langu mwenyewe.

Niliingia kazini nikiwa msichana wa Kibokoni, mtoto wa watu, nimevaa viatu vyeupe. Nilikabidhiwa kwa Bwana Kahindi, mtu wa Rabai, mkaguzi wa afya aliyekuwa ameshaizunguka Mombasa yote kabla mimi sijajua kusoma. Aliviangalia viatu vyangu na wala hakucheka. "Viatu vizuri, Bi Maimuna," akasema. "Kesho kavae vingine." Muda si muda tulikuwa nyuma ya hoteli moja ya Mwembe Tayari, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapopitia, na nikafahamu alichokuwa akisema. Bwana Kahindi hakuingia hotelini kwa mlango wa mbele hata siku moja. Mlango wa mbele, alisema, ni wa mwenye njaa.

Akishaingia jikoni hakuuliza kama maji ni safi. Alisalimia, akauliza hali za watoto, akaisifu harufu ya pilau, na huku akisifu mkono wake ulikuwa umeshafunua pipa. Wenye hoteli walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kimoja. Mimi nilibeba kikapu. Ndani yake mlikuwa na chupa za sampuli, koleo, pamba na spiriti ya kuchomea mdomo wa mfereji kabla ya kukinga, barafu, na vile vidonge vya kupimia dawa ya maji. Mnavijua: maji yenye dawa ukiyatia kidonge hugeuka rangi ya waridi, yasiyo na dawa hukaa vilevile yakikutazama. Andikeni kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia maji. Na jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana kama viatu vya msikitini. Hili la vifuniko nililisahau wiki yangu ya tatu, tukafunga jiko la hoteli safi na kuliacha chafu likipika. Bwana Kahindi alinipeleka mwenyewe nikamwombe radhi mwenye hoteli, akasimama kando akitazama mabasi ya bara.

Miaka ikaenda. Huko Makupa niliwahi kufukuzwa na mwenye lori la samaki waliooza, nikakimbia na kikapu mkononi na isivunjike hata chupa moja. Hilo ningependa liwemo failini. Bwana Kahindi akastaafu, akarudi kwao Rabai kulima minazi na kugombana na ngedere, nami nikabaki na kikapu.

Kisha yakaja masika mabaya. Kibokoni, mtaani kwetu, watu wakaanza kuharisha, watoto zaidi. Kila siku chache zahanati ilijaa, akina mama wakakaa sakafuni na watoto wao mapajani. Wakubwa wakataka sababu, na wakubwa hutaka sababu iwe tayari Ijumaa. Nikapewa kazi hiyo mimi kwa kuwa ni mwenyeji, nami nikaiona ni sahali.

Nilichukua fomu zangu nikavaa buibui langu zuri, nikaenda nyumba kwa nyumba kwa adabu zote nilizofunzwa. Hodi, karibu, shikamoo kwa wakubwa, habari za waliosafiri. Kisha nikauliza kama fomu ilivyosema, "Maji yenu ya kunywa yakoje?" Aliyejibu mara nyingi alikuwa mke wa mwana wa nyumba, na nyuma yake, juu ya kitanda cha ukumbini, ameketi mavyaa wake akisikiliza. "Maji yetu mazuri, alhamdulillahi." Nikaandika: mazuri. "Mmekula chochote cha nje?" "Mbaazi za Bi Nuru." Nikaandika: mbaazi.

Yanipasa nieleze, kwa wale ambao si wa Mji wa Kale. Kwetu hakuna mtu atakayemwambia mgeni kwamba maji ya nyumba yake yananuka. Ni kumvunjia heshima mwenye nyumba, na mama yake, na aliyemlea mama yake. Mimi nilijua hivyo. Ningeulizwa mimi ningejibu vivyo hivyo. Lakini kwa kuwa nimejibiwa kwa adabu, niliona ni utovu wa adabu kutoamini, nikayaandika maneno ya mlangoni kana kwamba nimeyapima kwa kidonge.

Huyo Bi Nuru alikuwa mjane, nyumba yake iko mitaa ya juu ya Kibokoni. Kila asubuhi aliketi kwenye baraza yake na sufuria ya mbaazi za nazi na bakuli la mahamri, na nusu ya mtaa ilifungua kinywa kwake. Mimi mwenyewe nilikwenda shule na mahamri yake mkononi.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa nne na picha ya sufuria iliyo wazi. Sijawahi kuandika kitu kikasomwa kwa kasi ile. Wiki haikwisha, amri ikatoka: vyakula vilivyopikwa visiuzwe barazani hadi taarifa nyingine. Kamati ya afya nayo ikaanza kuandaa sheria ya kuvipiga marufuku moja kwa moja Mji wa Kale wote. Mwenyekiti wa kamati alinipa mkono. "Lisemwalo lipo," akasema. Nami nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Bi Nuru aliniita siku nilipopita nyumbani kwake. Baraza ilikuwa tupu, imefagiliwa.

"Maimuna, hebu ndoo hapa, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Nuru."

"Marahaba. Wajua ni tangu lini napika mbaazi?"

"Tangu sijazaliwa."

"Na nyumbani kwenu, nani kaumwa kwa mbaazi zangu?"

Nikasema hakuna.

"Basi hayo uloandika umeyatoa wapi?" Hakupandisha sauti. "Kupika ntaacha, Mola hamtupi mja wakwe. Lakini jina langu, Maimuna. Watu wapita hapa wabana pua. Mtu mmoya hata salamu hanipi, na yeye nimemlisha tangu yuwatambaa."

 Nilirudi ofisini nikajifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikajiambia kwamba kazi ni kazi na ripoti ni ya kweli. Hata hivyo nilitaka mtu aniambie hivyo. Nikaipanda gari ya Rabai na kurasa zangu nne.

Bwana Kahindi aliisoma yote, miwani imefungwa kamba shingoni. "Umeandika Kiswahili kizuri," akasema. Akarudi ukurasa wa tatu. "Wagonjwa wote walikula mbaazi."

"Wote," nikasema, kifua mbele.

"Na wazima?"

"Wazima gani?"

"Wasioumwa, Bi Maimuna. Wao walikula nini?"

 Kibokoni ni nani asiyekula mbaazi za Bi Nuru? Mimi nilizila wiki ileile na tumbo langu halikusema neno. Nilikuwa nimewauliza wanaoharisha tu, na wanaoharisha wote walikula mbaazi, kama ambavyo wote walikuwa na pua.

"Na haya maji mazuri," akaendelea, "uliyaona?"

"Niliambiwa."

"Ah," akasema Bwana Kahindi, akanirudishia ripoti yangu, akaniagizia dafu. Hakunigombeza zaidi ya hapo, na mpaka leo naisikia ile "ah".

Nikaanza upya. Nilikwenda zahanati nikaomba daftari la wagonjwa, nikanakili tarehe na mtaa wa kila mmoja. Mambo mawili yakajitokeza ambayo mtu yeyote angeyaona kama angekuwa ametazama. La kwanza, wagonjwa karibu wote walikuwa wa vichochoro vya chini, upande wa bandari ya kale. Mitaa ya juu, inayoizunguka baraza ya Bi Nuru, ilikuwa salama. La pili, wagonjwa walikuja kwa mafungu: siku kadhaa hakuna mtu, kisha ghafla zahanati inajaa. Mbaazi zilipikwa kila siku. Nikajiuliza Mji wa Kale una kitu gani kinachokuja na kuondoka, na jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu.

Mwenye kufungua zamu hizo alikuwa Bwana Athmani, mtu mwembamba mwenye ufunguo wa chuma mrefu kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kuzunguka akifungua koki moja na kufunga nyingine, mtaa baada ya mtaa. Nilimpata Makupa kwenye mkahawa, ufunguo umeegemezwa ukutani, anakunywa kahawa. Nilikuwa nimesikia kwamba ana daftari.

"Nnalo," akasema, "na si la afya. Ni langu mimi."

"Waandika nini ndani?"

"Siku n'lofungua na saa n'lofunga. Wanawake wa Kibokoni hunishtaki kila mwezi kuwa mitaa fulani naipendelea. Wakija, nawafungulia daftari."

Nilimwambia ninachotafuta. Aligeuza kikombe chake mara mbili.

"Na utaandika kwamba Athmani hufungua kwa zamu, bila upendeleo?"

"Nikilikuta ni kweli, nitaandika."

"Ni kweli," akasema, akalitoa mfukoni mwa kanzu. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono safi kuliko rejista zetu zote, wala halikukosa siku.

Nyumbani nilizitandaza karatasi zangu juu ya mkeka, za zahanati huku, za Bwana Athmani huku, nikazisoma kwa kidole. Kila alipofungua koki ya vichochoro vya chini, siku mbili au tatu baadaye zahanati ilijaa. Hakufungua, haikujaa. Nilirudia tangu mwanzo wa masika mpaka mwisho. Niliona furaha na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo iliyoshinda.

Lakini madaftari mawili si maji. Ilibidi nipate sampuli za matangi, yale ya chini ya ua ambamo kila nyumba huhifadhi maji ya zamu, na nilijua nikiuliza nitaambiwa mazuri. Hapa ndipo adabu ileile iliyonipoteza ikanionyesha njia. Kibokoni mtu hasemi maji yake ni mabaya, lakini pia hakuna anayemnyima mtu maji. Nikaacha fomu ofisini. Nilibisha hodi nikasema, "Nimekuja kuomba maji, chupa moja tu, ya tangini." Hakuna nyumba iliyonikatalia. Mavyaa mmoja alinitekea kwa mkono wake, akanisaidia kufunga kifuniko.

Siku ya zamu nilisimama kwenye mfereji wa kichochoro cha mwisho. Nilikinga chupa ya maji ya mwanzo yalipotoka tu, na nyingine baada ya saa nzima. Ya mwanzo niliitia kidonge nikangoja, haikugeuka rangi hata kidogo, na ilikuwa na harufu. Ya pili iligeuka waridi. Maabara ikathibitisha: maji ya mwanzo, na ya matangi ya vichochoro vya chini, yalikuwa na vijidudu vya choo. Bomba lile la zamani lilipita kando ya shimo la choo na lilikuwa limetoboka. Likikaa tupu lilifyonza uchafu, na zamu ikifika likausukuma wote mbele. Nao watu wa chini, kwa kuwa maji hupungua nguvu upesi, walikimbilia kujaza ya mwanzo. Mwanamke mwenye bidii kuliko wenzake ndiye aliyewanywesha wanawe mabaya zaidi. Hilo liliniuma kuliko yote.

Niliandika ripoti ya pili. Hii haikuruka. Mkuu wangu aliisoma, akavua miwani. "Bi Maimuna, ripoti ya serikali haifutwi. Huongezewa." Maana yake ni kwamba kumzuia mama mmoja kuuza mbaazi kunahitaji sahihi moja, na kubadilisha bomba kunahitaji mji kuchimbwa. Niliandika barua, nikajibiwa kwamba zimepokelewa. Wakati huo sheria ya marufuku ilikuwa imeshachapwa, imebaki kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, na bila kikao hicho haipiti.

Nikaenda kikaoni na kikapu changu. Ukumbi ulijaa, wauzaji wa vyakula mstari wa nyuma, Bi Nuru katikati yao kajifunika ushungi mpaka usoni. Ilipofika zamu ya maoni nilisimama kama mwananchi wa Kibokoni, si kama afisa, na mkuu wangu akaanza kuzitazama kucha zake.

"Ripoti ya mbaazi niliiandika mimi," nikasema, "na ina makosa."  Nikaeleza niliyokosea, moja baada ya moja, kama mlivyosoma hapa. Kisha nikamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, wewe ni mtu wa mitaa ya juu. Mbaazi za Bi Nuru uliwahi kuzila?"

"Kila Jumapili," akasema kabla hajafikiri.

"Masika haya?"

"Mpaka siku mlipofunga."

"Uliumwa tumbo?"

Watu walikuwa wameshaanza kucheka, naye mwenyewe akacheka. Nikaziweka mezani bilauri mbili. Moja nilitia maji ya mwanzo ya zamu ya asubuhi ile, ya pili maji ya baadaye. Nikampa mwenyekiti vidonge avitie kwa mkono wake. Moja ikawa waridi. Nyingine ikabaki vilevile, na ukumbi mzima ukaiangalia. Bwana Athmani alisimama na daftari lake akasoma tarehe, nami nikasoma za zahanati. Mavyaa aliyenitekea maji alisimama bila kuitwa. "Maji yetu yananuka," akasema. "Tangu mwaka juzi. Tuliona haya." Baada yake wakasimama wengine, na kila aliyesimama alisema hivyo hivyo.

Sheria ya marufuku ilianguka siku ileile. Bomba lilichukua muda zaidi, na waliolala na vumbi la kuchimbwa walinilaani kwa majina, lakini likatandikwa jipya, mbali na shimo. Masika yaliyofuata muuguzi wa zahanati alinipigia simu. "Bi Maimuna, kuna nini? Tumekaa tu." Nilimwambia akae. Nilitembea kutoka ofisini mpaka Kibokoni kwa miguu, nikitabasamu peke yangu kama mtu asiye na akili timamu, na sikujali nani ananiona.

Ile desturi ya kubandika majibu ya maji mlangoni, ambayo ninyi mmeikuta imo katika sheria, mwanzilishi wake si mimi. Bi Nuru alikuja ofisini siku aliyoruhusiwa kupika tena. "Radhi n'shakupa," akasema. "Sasa n'taka karatasi. Pima maji yangu, uandike, nibandike barazani, wabanao pua wasome." Nikapima, nikaandika, akabandika. Wiki ya pili jirani yake akataka yake, kwa sababu watu walianza kumuuliza mbona yeye hana. Mwaka ulipokwisha, nyumba isiyo na karatasi ndiyo iliyokuwa ikiona haya. Kamati haikuwa na la kufanya ila kuiandika kuwa sheria.

Mwezi uliopita, nimeshastaafu, nimekaa kwangu, mmoja wenu alinibishia hodi. Simtaji, anajijua. Nilimkaribisha, nikamtilia chai, tukaulizana habari. Akaniuliza maji yangu yakoje, na kabla sijapumua nikajisikia nikisema, "Maji yetu mazuri, alhamdulillahi."

"Sina shaka, Bi Maimuna," akasema. "Naomba chupa moja tu, ya tangini."

Nilimpa. Siku ya tatu akarudi na karatasi na gundi. Kifuniko cha tangi langu kilikuwa na ufa, na maji yamekataa kugeuka rangi. Aliniomba radhi, kisha akaibandika juu ya mlango wangu, mbele ya majirani wote: yasinywewe mpaka tangi lisafishwe. Alipokwisha kwenda nilisimama barazani nikaisoma mara mbili, jina langu kamili limeandikwa juu, na sikumbuki siku niliyoionea fahari ofisi yetu kuliko siku ile.